Agano Mbele ya Damu: Waongofu Katika Mapokeo ya Kiyahudi

Katika karne ya 12, mwongofu mmoja aitwaye Obadia alimwandikia Musa bin Maimuni, mwanachuoni wa Kiyahudi aliyeishi Misri na ajulikanaye pia kama Maimonides. Sala za Kiyahudi humtaja Mungu wa baba zetu, aliyetutoa Misri. Baba zake Obadia hawakuwa Waisraeli. Je, ayatamke maneno hayo? Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika mwanzoni mwa karne ya 3, ilikuwa imekwisha sema hapana: mwongofu alete malimbuko ya shamba lake Hekaluni, lakini asisome tamko la nchi ambayo baba zetu waliahidiwa, na akisali peke yake, aseme Mungu wa baba wa Israeli. Hata hivyo, Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, ilihifadhi rai ya Rabi Yehuda kwamba mwongofu alete na asome pia, kwa kuwa Ibrahimu alifanywa baba wa mataifa mengi. Maimonides aliifuata rai hiyo. Alimjibu Obadia asali kama Wayahudi wote bila kubadili neno, kwa sababu kila anayeongoka ni mwanafunzi wa Ibrahimu na mtu wa nyumbani mwake. Naliona jibu hili kuwa kielelezo cha msimamo mpana zaidi: kwa jumla, damu iliposhindana na agano, sheria ya Kiyahudi ililipa agano nafasi ya mbele.

Msimamo huo haukuzuka ghafla. Kitabu cha Kutoka kinasema kundi kubwa la watu wa asili mbalimbali lilitoka Misri pamoja na Waisraeli, na Walawi 19 inaamuru mgeni apendwe kama mzaliwa. Mgeni huyo wa Torati alikuwa hasa mtu anayeishi kati yao bila urithi wa ardhi. Marabi ndio waliojenga juu ya msingi huo mlango wa kuingia taifa lenyewe. Talmudi ya Babeli inaeleza utaratibu wake. Mtu huulizwa kwanza kilichomvuta, ilhali Waisraeli wanaonewa na kuteswa. Akisema anajua, na kwamba hata hastahili, hupokewa papo hapo. Hufundishwa baadhi ya amri nyepesi na nzito, ikiwemo ya kuwaachia maskini masazo ya mavuno. Mwanamume hutahiriwa, na akipona huzama majini mbele ya wanachuoni. Akiinuka, ni Mwisraeli kwa kila hali. Na Mishna inakataza kumsimanga mtoto wa waongofu kwa matendo ya wazee wake.

Jaribio gumu lilikuwa Kumbukumbu la Torati 23, inayowazuia Waamoni na Wamoabu wasiingie katika kusanyiko la Bwana. Yuda, mwongofu wa Kiamoni, alisimama mbele ya marabi akauliza hali yake. Rabani Gamlieli alimkatalia. Rabi Yoshua alimkubalia, akisema Senakeribu wa Ashuru alikwisha changanya mataifa yote, hivyo hakuna tena awezaye kumtambua Mwamoni wa kweli. Yuda akaruhusiwa. Kuhusu Wamoabu, marabi waliamua kwamba katazo linawahusu wanaume tu. Na Ruthu Mmoabu ndiye aliyemzaa Obedi, babu yake mfalme Daudi.

Wapo watakaopinga kwa kutaja Ezra, aliyesimamia kufukuzwa kwa wake wa kigeni. Lakini kitabu hichohicho, sura ya 6, kinawataja waliojitenga na unajisi wa mataifa wakala Pasaka pamoja na Waisraeli. Wengine watamtaja Rabi Helbo, aliyewafananisha waongofu na ugonjwa wa ngozi. Alisema hivyo kweli, ila kauli yake haikuufunga mlango. Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba hadi leo sheria ya kale inamkataza kuhani kumwoa mwongofu, na mwongofu hakuruhusiwa kuwa mfalme. Hapa nasaba imebaki na nguvu, na si haki kuficha jambo hilo. Hata hivyo, mipaka hiyo inagusa vyeo na ndoa mahususi. Haimwondoi mwongofu katika taifa.

Mjadala huu umefika hata kwetu. Abayudaya wa Mbale, Uganda, wanaofuata njia iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wengi wao waliongoka rasmi mwaka 2002 mbele ya marabi wa madhehebu ya Conservative, na bado kuna wanaobisha Uyahudi wao. Wanaobisha wana haki ya kuhoji iwapo utaratibu ulifuatwa. Lakini atakayewakataa kwa sababu babu zao hawakuwa Waisraeli atakuwa amewakataa pia Ruthu na Obadia, na mapokeo yenyewe hayako upande wake.