Kabla ya operesheni, sema kama unakoroma

Wamama wenzetu, mama mmoja wa kikundi chetu, mnene kama wengi wetu, alituuliza: "Nikichomwa dawa ya usingizi, nitaamka?" Hatukumcheka.

Dawa za jamii ya morfini hutuliza maumivu vizuri, lakini hupunguza nguvu ya kupumua. Kwa mtu mnene anayekoroma na kukatika pumzi usiku, hatari ni kubwa zaidi. Ndiyo maana ng'ambo, kwenye operesheni za kupunguza tumbo la chakula ili mtu akonde, madaktari wengine huacha morfini na kuchanganya ketamini, lidokaini na parasetamoli. Wagonjwa hutapika kidogo zaidi. Kwa maumivu, tofauti si kubwa. Nayo njia hiyo ina hatari zake: Ufaransa, utafiti mmoja uliotangazwa 2021 ulisimamishwa kwa sababu dawa moja ilipunguza mno mapigo ya moyo.

Ketamini iko kwenye orodha ya dawa za lazima ya OMS tangu 1985. Pumzi haikatiki kirahisi, ila mtu anaweza kuamka akisema maajabu. (Msimwite mchawi!)

Basi hapa Kisangani, hata ukienda kupasuliwa ili uzae, mwambie daktari kama unakoroma, na kama unameza tramadoli ya sokoni. Hiyo nayo ni ndugu ya morfini, na wengi wetu tunaificha kwa haya.