Kolwezi: Vumbi lasingiziwa, kumbe sukari ndiyo inaharibu macho

KOLWEZI – Katika mji wenye vumbi jingi kama Kolwezi, mtu akianza kuona ukungu, wa kwanza kulaumiwa ni malori ya madini. Ananunua dawa ya matone, anaosha uso, anarudi kazini. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari, kosa hilo linaweza kumletea upofu.

Vumbi linawasha na kulifanya jicho liwe jekundu. Sukari haifanyi hivyo. Ikikaa juu katika damu kwa miaka, inaharibu mishipa midogo ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mishipa inavuja. Baadaye inaota mingine, dhaifu, inayopasuka kwa urahisi, na mgonjwa anaona madoa meusi yakielea au kama pazia limeshuka ghafla. Kabla ya hapo hakuna maumivu yoyote, na matone ya dukani hayatibu huko.

Miwani nayo ina mtego wake. Sukari ikipanda, lenzi ya jicho inavimba. Ikishuka, uonaji unabadilika tena. Aliyenunua miwani sokoni wakati sukari iko juu anaweza kukuta haimfai wiki chache baadaye. Afadhali kupima sukari kwanza.

Kwa dereva anayepeleka shaba Kasumbalesa, hii ni habari ya bukari ya nyumbani. Akisema haoni vizuri usiku, anaogopa kunyang'anywa usukani. Akinyamaza, barabara nzima iko hatarini.

Waganga wanashauri mwenye sukari ya aina ya pili apimwe retina mara tu ugonjwa unapogunduliwa, kisha kila mwaka, hata kama anaona vizuri. Mganga anatia matone ya kupanua mboni ndipo aangalie ndani. Siku hiyo pikipiki ibaki nyumbani.

Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 1976 ulionyesha kwamba leza inapunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uwezo mkubwa wa kuona. Mwingine, wa 1993, ulikuta kwamba wenye sukari ya aina ya kwanza walioidhibiti vizuri walipunguza kwa asilimia 76 hatari ya kuanza kuugua retina. Lakini leza inalinda kilichobaki tu. Mara nyingi hairudishi kilichopotea.

Anayetumwa Lubumbashi, kilomita 300 hivi, ahesabu pia pesa za kulala: leza mara nyingi haimaliziki kwa siku moja.