Biringani Lenye Mbegu Nyeusi: Lipikwe au Litupwe?

Katika nyumba zetu nyingi biringani zima hutupwa kwa dhana, na lililooza hupikwa kwa kulionea huruma. La kwanza ni israfu. La pili huwaumiza watoto matumbo. Kuyapambanua mawili hayo kwahitaji jicho, vidole na pua tu.

Tuanzie sokoni. Biringani zuri huwa zito mkononi, ngozi yake hung'aa, na kikonyo chake ni kibichi. Libonyezwe taratibu kwa kidole gumba: likirudi mahali pake, ni zuri, shimo likibaki, siku zake zimepita. Wauzaji wa Kongowea hawapendi mboga zao zibonyezwebonyezwe, nao wana haki, basi moja mbili zatosha.

Ngozi iliyokunjamana na kikonyo kilichokauka ni dalili za uzee, si za kuoza. Biringani hilo lipikwe siku hiyo hiyo. Linalowatatiza wengi ni mbegu zilizogeuka rangi. Hizo huonyesha kuwa limekomaa kupita kiasi au limepigwa na baridi. Huenda likawa chungu, lakini halijawa bovu kwa sababu hiyo pekee. Ziondolewe mbegu, nyama ipikwe. Na ile nyama nyeupe inayoingia wekundu-weusi punde baada ya kukatwa, hiyo ni kazi ya hewa. Maji ya ndimu au ya chumvi huichelewesha.

Bali nyama ikilegea kama uji, ikiwa na utelezi, kuvu au harufu ya kuchacha, hapo hapana ijtihadi. Litupwe lote, maana katika mboga laini kuvu hupenya kuliko macho yaonavyo.

Ama kuhusu kuhifadhi, watu hudhani friji ni dawa ya kila kitu. Biringani asili yake ni nchi za joto, na hukaa vyema penye nyuzi 10 hadi 12 hivi za Selsiasi. Friji nyingi huwa kwenye nyuzi 4, na likikaa humo siku nyingi ngozi hufanya vishimo na mbegu hugeuka rangi. Ndipo mama husema ameuziwa bovu, kumbe limeharibikia kwake. Lakini jikoni Mombasa wakati wa kaskazi nako si nyuzi 12! Kwa hivyo, la kupikwa leo au kesho liwekwe kivulini penye hewa, mbali na jiko. La siku tatu nne lizongwe karatasi, liwekwe kwenye droo ya mboga, ambako baridi ni nafuu. Lisioshwe kabla, kwani unyevu huita kuvu. Wala lisichanganywe na ndizi mbivu, maembe au nyanya, kwani matunda hayo hutoa hewa inayolizeesha upesi.

Lililokwisha kupikwa lina hukumu yake, hasa la nazi. Lisikae mezani zaidi ya saa mbili. Litiwe friji, liliwe ndani ya siku 3 au 4. Stima ikipotea usiku kucha na mchuzi ukaamkia joto, umwagwe bila kuonjwa, kwani kuuchemsha upya hakuondoi kila sumu iliyokwisha kuingia.