Kiatu cha mlima hupimwa kwenye mteremko

Kwenye skimu ya umwagiliaji ya Mwamkulu, ndani ya Manispaa ya Mpanda, suala la viatu halina mjadala. Msimu wa kupandikiza mpunga watu huingia majarubani pekupeku au na gambuti, maana tope la pale halina simile na kiatu kingine. Jioni miguu ikishaoshwa, yeboyebo au katambuga zinatosha kumfikisha mtu nyumbani. Ardhi ni tambarare, na njia ni ile ile ya jana.

Ila maji yanayojaza majaruba hayo yanaletwa na Mto Katuma, nao huteremka kutoka nyanda za juu za wilaya jirani ya Tanganyika. Huko, kuelekea Mwese na milima ya Ntakata, vijiji vinatunza misitu yao chini ya mradi wa hewa ya ukaa, na askari wa misitu wa vijiji hufanya doria kwa miguu, milima kwa mabonde. Ukivuka mpaka wa mkoa na kuingia Kigoma unaikuta Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985. Kilele chake, Nkungwe, kina mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika lililo chini yake liko kwenye mita 770 hivi. Kwa hiyo anayeanzia ufukweni anapanda karibu mita 1,700, kisha anatakiwa kuzishuka zote.

Kushuka ndiko kunakoumbua viatu.

Wakati wa kupanda, mtu huchoka mapafu na mapaja, na karibu kiatu chochote kitamvumilia. Wakati wa kuteremka, uzito wote wa mwili pamoja na mzigo wa mgongoni unausukuma mguu mbele kila hatua. Kiatu kikiwa kifupi, vidole vinagonga ncha mara elfu kadhaa kwa siku, na kucha hugeuka nyeusi na kung'oka wiki chache baadaye. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Machame wanalijua hili vizuri: huondoka usiku kambi ya Barafu, mita 4,673, wakafika Uhuru, mita 5,895, na wengi siku hiyo hiyo huteremka hadi kambi ya Mweka, mita 3,100 hivi. Ni mteremko wa karibu mita 2,800 kwa siku moja. Gambuti hapo ni adhabu. Mpira wake hautoi jasho nje, haishiki kifundo cha mguu, na mguu unacheza ndani kama mchi kwenye kinu.

Ndiyo maana namba iliyoandikwa kwenye soli isiaminiwe peke yake. Namba 42 ya kiwanda hiki inaweza kuwa 41 ya kiwanda kingine. Buti lijaribiwe jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za mchana, na livaliwe na soksi zile zile nene utakazokwenda nazo mlimani. Kabla ya kufunga kamba, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse ncha: nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kupitisha kidole kimoja. Kisha funga kamba, utafute ngazi au mteremko wa mtaro, ushuke kwa kukanyaga kwa nguvu. Vidole vikigusa mbele, hilo si lako hata kama rangi imekukosha. Kisigino kikiinuka unapotembea, linapwaya, na malengelenge yatakuja kabla ya saa sita mchana.

Mabuti mengi ya mlimani yanayouzwa nchini ni ya mtumba, na hakuna ubaya wowote. Buti la ngozi nzito lililovaliwa miaka miwili Ulaya linaweza kuwa na maisha marefu kuliko jipya la bei rahisi. Lakini lina mtego mmoja ambao wanunuzi wengi hawaujui. Kati ya ngozi ya juu na mpira wa chini kuna tabaka la sponji linalopunguza mshtuko, na kwenye mabuti mengi sponji hiyo hutengenezwa kwa poliyurethani. Unyevu wa hewa huivunjavunja taratibu mwaka hadi mwaka, hata buti likiwa limelala kabatini bila kuvaliwa. Kwa nje linang'aa kama la jana. Siku ya safari, baada ya kilomita chache, soli yote inaachia na kubaki njiani kama gamba la nyoka.

Dawa yake ni kidole gumba. Bonyeza sponji pembeni, kwa nguvu, kuzunguka kisigino chote. Sponji nzima hubonyea na kurudi. Iliyokufa inabaki na alama, inapasuka nyufa nyembamba, au inaacha unga kwenye kucha. Likunje buti kwenye vidole huku ukiangalia mshono wa soli. Gundi ya fundi viatu inaweza kuokoa soli iliyobanduka, lakini sponji iliyooza haigundishiki.

Mpira wa chini nao una historia yake. Soli yenye meno makubwa ya kushika mwamba ilibuniwa na mpanda milima wa Italia, Vitale Bramani, baada ya wenzake 6 kufa kwenye milima ya Alps mwaka 1935. Soli ya kwanza ilitoka mwaka 1937 kwa msaada wa Pirelli, kampuni ya matairi. Mvaa katambuga hapaswi kushangaa: mafundi wake walijua siku nyingi kwamba tairi na mguu vinaelewana.

Baada ya kununua, kiatu kizoeshwe mguu. Buti la kitambaa huhitaji siku chache tu, ila la ngozi ngumu linataka wiki kadhaa. Huanza kwa saa moja nyumbani, kisha mizunguko ya mtaani, kisha safari ndefu yenye mzigo mgongoni. Wapo wanaoharakisha kwa kuliloweka, halafu wanalikausha kando ya moto. Ngozi hukakamaa na kupasuka, na gundi huyeyuka. Buti lililolowa lijazwe magazeti na liachwe kivulini.

Mahali panapoanza kuwaka moto kwenye ngozi ya mguu, simama hapo hapo ubandike plasta. Aibu ya kuwasimamisha wenzako ni ya dakika tatu. Lengelenge lililopasuka ni la siku tatu. Soksi za pamba ziachwe nyumbani, kwa kuwa hushika jasho na kulainisha ngozi. Za sufu ni bora. Kucha zikatwe kabla ya safari. Na kabla ya kuanza kuteremka, kamba zikazwe upya kwenye kifundo, kisigino kikae nyuma.

Anayepanga kuiona Nkungwe mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, aanze kulivaa buti lake mwezi wa tano, hata kama safari yenyewe ni ya kwenda dukani kununua chumvi.