Kuusikia Ukuta Kabla ya Kuujenga: Programu za Kukadiria Ukingaji wa Sauti na Madarasa Yetu ya Lugha

Mvua ikianza kunyesha, mwalimu wa hisabati hugeukia ubao, akaandika, na somo likaendelea. Mwalimu wa Kiswahili aliye katikati ya imla au zoezi la matamshi hana pa kugeukia. Kitu anachokifundisha ni sauti yenyewe, na sauti imekwisha kumezwa na bati. Katika makala haya tunapenda kuwaeleza wasomaji wetu, walimu na wanafunzi, kuhusu programu za kompyuta (au tarakilishi, kama wenzetu wa Kenya wengi wanavyopenda kuiita) zinazokadiria ni kiasi gani cha sauti kitakachopita katika ukuta, dari au paa kabla jengo halijajengwa. Mifano yetu tutaichukua Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda.

Tumechagua miji hiyo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mvua. Jinja iko ukingoni mwa Ziwa Viktoria, Mto Naili unapotokea. Mbale iko chini ya Mlima Elgon, ambao wenyeji wanauita Masaba. Kote kuwili mvua kubwa ya alasiri ni jambo la kawaida, na kote kuwili madarasa mengi yameezekwa kwa mabati yasiyo na dari. Sababu ya pili ni somo letu. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 uliingiza Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima ya vidato viwili vya mwanzo, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda likapitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Wanafunzi wanaotoka katika Lusoga, Luganda na Lumasaaba watakisikia Kiswahili sanifu kwa mara ya kwanza katika madarasa hayo hayo. Katika Luganda, kwa mfano, l na r hazitofautishi maana. Kila moja ina mahali pake kutegemea irabu inayotangulia. Mwanafunzi huyo hana budi afunzwe kwa sikio kwamba kalamu si karamu. Vivyo hivyo dhana na zana, thamani na samani, shaka na saka. Tofauti zote hizo zimo katika konsonanti, na konsonanti kama s, f na th ni sauti dhaifu sana zikilinganishwa na irabu. Kelele ikiingia, hizo ndizo zinazopotea kwanza.

Sasa tuje kwenye programu zenyewe. Inayojulikana sana ni INSUL, iliyotengenezwa na kampuni ya washauri wa akustika ya Marshall Day Acoustics ya New Zealand. Nyingine ni BASTIAN ya Ujerumani, ambayo inafuata viwango vya Ulaya vya kukokotoa sauti kutoka chumba hadi chumba. Mtumiaji huingiza tabaka za ukuta moja baada ya nyingine: lipu, tofali, lipu, au bodi, nafasi ya hewa, bodi. Programu hutoa mchoro unaoonyesha ukuta huo utazuia desibeli ngapi katika kila masafa, yaani katika kila idadi ya mitetemo kwa sekunde, kuanzia sauti nzito hadi sauti nyembamba. Mwisho hutoa namba moja ya jumla inayoandikwa Rw. Ukuta wenye Rw ya 45 huzuia sauti zaidi kuliko wenye Rw ya 30. Wenyewe watengenezaji husema makadirio hayo hutofautiana na vipimo vya maabara kwa takriban desibeli 3 hivi, si zaidi sana, kwa kuta za kawaida.

Ndani ya programu hakuna uchawi. Kanuni ya msingi ni ya uzito: ukiongeza uzito wa ukuta mara mbili, ukingaji huongezeka kwa takriban desibeli 6. Bati la nusu milimita lina uzito wa kilo 4 hivi kwa mita ya mraba. Ukuta wa matofali ya kuchoma uliopigwa lipu unaweza kuwa na kilo 256 kwa mita ya mraba. Kutoka 4 hadi 256 tunazidisha kwa mbili mara sita, kwa hiyo kinadharia ukuta unalizidi bati kwa desibeli 36. Ndiyo maana maduka ya zamani ya Jinja yenye kuta nene yana utulivu ndani hata lori likipita nje.

Kanuni hiyo hiyo ina upande wa pili unaotuhusu sisi wa lugha. Ukingaji huongezeka pia kwa desibeli 6 kila masafa yanapozidishwa mara mbili. Maana yake ni kwamba ukuta huzuia konsonanti nyembamba vizuri kuliko irabu nzito. Kila mtu amewahi kusikia watu wakizungumza chumba cha pili akatambua kiimbo, akajua huyu anauliza na yule anakataa, lakini maneno asiyapate. Ukuta umemwachia irabu ukachukua konsonanti. Mwalimu wa fonetiki anayetafuta maonyesho ya bure darasani anayo hapo.

Lakini kanuni ya uzito haitoshi, na hapo ndipo kompyuta inapoanza kulipa gharama yake. Mwaka 1942 mwanasayansi Mjerumani Lothar Cremer alieleza kwamba kila ubao mwembamba una masafa fulani ambapo mawimbi ya hewani yanalingana na mawimbi ya ubao wenyewe, na hapo sauti hupita kwa urahisi kana kwamba ubao umepungua uzito. Kwa kioo cha milimita 6 jambo hilo hutokea karibu na mitetemo 2,000 kwa sekunde, yaani katika eneo lile lile la konsonanti. Ukuta wa tabaka mbili wenye hewa katikati una tabia zake nyingine, na kuzikokotoa zote kwa mkono ni kazi ya siku nzima. Programu huzimaliza kwa sekunde, na mchoraji akibadili unene wa bodi anaona tofauti papo hapo.

Hapa tunaomba tusimame kidogo kwenye istilahi, maana ni kazi yetu. Wahandisi hutenga sauti inayosafiri hewani na sauti inayotokana na kitu kugonga jengo. Kiswahili kina neno la hiyo ya pili tangu zamani: mshindo. Tunasema mshindo wa nyayo, mshindo wa nazi ikianguka. Mvua juu ya bati nayo ni mshindo. Matone hayaleti sauti kutoka angani. Yanaligonga bati, na bati lenyewe ndilo linalopiga kelele kama ngoma. Ndiyo maana paa la nyasi, ambalo lina matundu, lina kelele ndogo sana ya mvua. Wazee wetu walisimulia hadithi chini yake mvua ikinyesha, bila kupaza sauti.

Programu kama INSUL ina sehemu maalumu ya mvua. Kiwango cha kimataifa cha ISO kilichotolewa mwaka 2006 kwa ajili ya kupima paa kilieleza mvua kubwa ya kufanyia majaribio: milimita 40 kwa saa, matone ya milimita 5, yakianguka kwa mita 7 kwa sekunde. Mtu yeyote wa Mbale atasema hiyo ni mvua anayoifahamu. Chini ya bati tupu mvua ya namna hiyo inaweza kupita desibeli 70, na mwalimu anayezungumza kwa sauti ya kawaida hutoa kama desibeli 60 kwa aliye mita moja mbele yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza kelele darasani wakati wa kufundisha isizidi desibeli 35. Ukiweka dari ya bodi chini ya bati, na juu ya bodi blanketi la sufi ya madini, programu itakuonyesha kelele ikishuka kwa desibeli 10 au zaidi, na sikio huhisi desibeli 10 kama kelele imepungua nusu.

Kuhusu trei za mayai zinazogongwa ukutani katika studio ndogo na baadhi ya makanisa, tuseme wazi: hazikingi sauti. Kuna kukinga sauti na kuna kufyonza sauti. Kitu laini hufyonza, kikapunguza mwangwi ndani ya chumba; kukinga kunahitaji uzito na kuziba. Trei ya karatasi haina uzito wowote wa kutaja, na hata kufyonza kwenyewe inafyonza kidogo.

Na kuziba ndiko kunakotutia wasiwasi zaidi kuliko mvua. Katika madarasa mengi ukuta unaotenganisha chumba na chumba huishia usawa wa kenchi, na juu yake ni wazi hadi kwenye bati. Tuchukue ukuta wa mita 6 kwa mita 3, wenye Rw ya 45. Eneo lake ni mita za mraba 18. Tuuachie ufa wa sentimita 3 tu juu, urefu wote wa ukuta. Ufa huo ni asilimia 1 ya eneo, lakini ukingaji wote unaanguka kutoka 45 hadi 20. Tukadirie kwamba darasa la jirani linaitikia kwa pamoja kwa desibeli 75. Kwa hesabu ya haraka, kupitia ukuta uliozibwa zinabaki 30, chini ya pendekezo la Shirika la Afya. Kupitia ufa zinabaki 55, karibu sawa na sauti ya mwalimu inapofika dawati la nyuma. Tena ufa hauchagui: unapitisha konsonanti pamoja na irabu, kwa hiyo mwanafunzi hasikii mvumo tu, anasikia maneno kamili ya somo jingine.

Programu haitakuambia habari za ufa usipoiuliza. Inaamini mchoro uliopewa, na katika mchoro ukuta huwa umeziba. Shule inaweza kulipia tabaka ya pili ya matofali, ikapata desibeli chache kwenye karatasi, na darasani isipate hata moja. Kwa bei ya matofali hayo fundi angepandisha ukuta hadi kwenye bati na kuziba mikunjo kwa saruji.

Leseni za programu hizi si rahisi kwa shule, na hakuna haja shule kuzinunua. Ni zana za mhandisi au mchoraji. Kinachofaa ni kamati ya ujenzi kumwomba mchoraji makadirio ya namna mbili: ukuta baina ya madarasa ukiwa umehesabiwa pamoja na uwazi wake wote wa juu, na paa likiwa chini ya mvua ya milimita 40 kwa saa, mara moja bila dari na mara moja likiwa na dari. Walimu wa Kiswahili wakae katika kikao hicho. Jinja na Mbale zilipewa hadhi ya jiji mwaka 2020, na ukuta ni rahisi kuuzungumzia ungali mchoro.