Dhamiri Haina Mamlaka ya Kusamehe

Wapo Wakristo wengi ambao ukiwauliza kama Mungu husamehe dhambi watakujibu ndiyo bila kusita, lakini usiku ukitulia wanairudia kesi ileile ya miaka iliyopita: mimba iliyotolewa kwa siri, mzazi aliyefariki bila wao kwenda kumwona, fedha za kikundi zilizoliwa, ndoa iliyovunjwa na uzinzi. Wametubu, wamefunga, wamewekewa mikono na kuombewa, na mzigo haujapungua. Siku hizi ushauri wanaopewa mara nyingi, hata kanisani, ni kwamba wajifunze kujisamehe. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, ila naamini unamrudisha mtu palepale alipokwama. Katika Biblia nzima hakuna amri hata moja inayomtaka mtu ajisamehe mwenyewe, na si kwa sababu waandishi wake hawakuujua uchungu wa dhamiri. Zaburi ya 32 inamchora mtu anayedhoofika mwili na kuugua mchana kutwa kwa ajili ya dhambi aliyoinyamazia. Nafuu yake inakuja pale anapolisema kosa lake mbele za Mungu na kupokea ondoleo kutoka kwake. Msamaha una mwenyewe, na mwenyewe si yule aliyekosa.

Jambo hili linaonekana wazi katika maisha ya watu wawili ambao historia ya kanisa imewaweka pande mbili zinazopingana. Wa kwanza ni Martin Luther, aliyeingia utawa wa Waaugustino huko Erfurt, Ujerumani, mwaka 1505. Alikesha, alifunga, na alikwenda kuungama mara kwa mara na kwa muda mrefu kiasi cha kumchosha Johann von Staupitz, mkuu wake na mlezi wake wa kiroho. Akishatoka kuungama alikumbuka dhambi nyingine, au alianza kutilia shaka ukweli wa toba yake. Wa pili ni Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti. Mwaka 1522, kwenye monasteri ya Montserrat nchini Hispania, aliziandika dhambi za maisha yake yote na kuziungama kwa siku tatu. Alipofika Manresa, mji wa jirani, wasiwasi ukamrudia: pengine kuna kitu hakukieleza sawasawa. Padri wake alimwagiza asirudie mambo ya zamani isipokuwa lile lililo wazi kabisa. Agizo hilo halikumfaa kitu, kwa kuwa kwake yeye kila jambo lilikuwa wazi kabisa. Alifikia kukaa juma zima bila kula, na hata kushawishika kujiua, kabla ya kukata shauri kwamba yaliyokwisha kuungamwa hatayagusa tena.

Watu hawa wawili wangekutana wangebishana mengi, lakini ugonjwa wao ulikuwa mmoja. Kuungama walikuwa wameungama. Kilichowatesa ni kwamba baada ya hapo waliendelea kuikagua toba yao wenyewe ili waone kama imetosha, na toba ya mwanadamu haikosi kasoro. Dhamiri kali itaiona tu. Staupitz alimsihi Luther aache kujitazama na amtazame Kristo aliyejeruhiwa msalabani. Luther hakuyafuta maungamo. Katekisimo yake Ndogo, ambayo vijana wa Kilutheri wa Afrika Mashariki hufundishwa hadi leo kabla ya kipaimara, inasema kuungama kuna sehemu mbili: kuzikiri dhambi, na kuipokea kauli ya ondoleo kutoka kwa mchungaji kana kwamba imetoka kwa Mungu mwenyewe. Uzito wote ameuweka kwenye sehemu ya pili, yaani kwenye neno linaloingia sikioni kutoka nje. Mtu aliyezoea kujishtaki anaweza kubishana na mawazo yake mpaka alfajiri bila kufika popote. Neno lililotamkwa na mwingine lina nguvu kwa sababu hakulitunga yeye.

Katika sura ya 8 ya waraka wake kwa kanisa la Rumi, Mtume Paulo analiweka suala hili mahakamani. Anauliza ni nani atakayewashtaki wateule wa Mungu, na nani atakayewahukumia adhabu, iwapo hakimu mwenyewe amekwisha kuwahesabia haki na aliyekufa kwa ajili yao ndiye anayewaombea. Tuifuate hoja hiyo jinsi ilivyo. Mshtakiwa hana mamlaka ya kujiachia huru, na kwa sababu hiyohiyo hana mamlaka ya kujifunga tena baada ya hakimu kumwachia. Sheria za Kenya na Tanzania zenyewe zinakataza mtu kushtakiwa upya kwa kosa ambalo mahakama yenye mamlaka imekwisha kulitolea hukumu. Kwa hiyo anayeendelea kujihukumu kwa dhambi aliyoitubia anafungua kesi iliyofungwa, tena mbele ya hakimu asiyetambuliwa, yaani yeye mwenyewe. Wengi huona kufanya hivyo ni unyenyekevu. Nathubutu kusema ni kinyume chake, maana anayeshikilia kwamba dhambi yake ni kubwa mno kusamehewa ameiweka hukumu yake juu ya hukumu ya Mungu. Waraka wa kwanza wa Yohana, sura ya 3, unakubali kwamba moyo wetu unaweza kutuhukumu, kisha unasema kwamba Mungu ni mkuu kuliko moyo huo na anajua yote. Yohana hakungoja moyo unyamaze kwanza. Mtu anaweza kuwa amesamehewa kabisa na bado asubuhi hiyo akajisikia vibaya.

Hapo ndipo pingamizi la kwanza linapozuka, nalo ni la haki: je, mafundisho haya hayamfanyi mtu aichukulie dhambi kuwa kitu chepesi? Paulo alilijua swali hilo na akalikataa kwa ukali katika Warumi 6. Lakini jibu linahitaji kwanza kutenganisha kukiri kosa na kujilaani. Mwanasaikolojia wa Marekani June Tangney, ambaye mwaka 2002 alitoa pamoja na Ronda Dearing kitabu kuhusu aibu na hatia, ameonyesha katika tafiti zake kwamba anayesema “nimefanya jambo baya” huelekea kuomba radhi na kurekebisha, ilhali anayesema “mimi ni mtu mbaya” huelekea kujificha, kuwalaumu wengine au kuzama katika huzuni. Katika Wakorintho wa Pili sura ya 7 Paulo alikwisha kutofautisha huzuni inayoleta toba na huzuni inayoleta mauti. Petro na Yuda walimkosea Bwana usiku uleule, na wote wawili walijuta. Yuda hata alikiri na kuvirudisha vile vipande thelathini vya fedha. Aliwapelekea makuhani, nao wakamjibu kwamba hilo ni lake mwenyewe. Hakupata mtu wa kumtamkia msamaha, akajihukumu mwenyewe na kuitekeleza hukumu yake. Petro alilia, lakini alibaki na wenzake hadi Kristo alipomkuta ufuoni na kumkabidhi kondoo wake.

Tena, neema iliyopokelewa hufungua mikono. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne baada ya Yesu kuingia nyumbani mwake, wala si kama sharti la Yesu kuingia. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930 na kufika Bukoba na Kenya, ulijulikana kwa watu waliookoka wakirudisha vitu walivyoiba na kulipa madeni ya zamani. Uamsho huo ulikuwa na kasoro zake. Baadhi ya maungamo ya hadharani yalitaja siri za watu ambao hawakuwa wameombwa ruhusa, na ndoa na koo ziliumia. Hata hivyo ulithibitisha kwamba anayeamini kesi yake imefungwa ndiye anayepata ujasiri wa kumwendea aliyemdhulumu. Aliyekosewa hapaswi kusahauliwa katika somo hili: ondoleo la Mungu halimlazimishi mjane aliyedhulumiwa shamba kunyamaza, na aliyelichukua bado anadaiwa shamba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Wengine husema Ukristo wenyewe ndio unaotengeneza hatia, kisha unauza dawa yake. Hatuwezi kulipuuza, maana yapo mahubiri yanayoishi kwa hofu, na zipo huduma zinazomwambia mgonjwa kwamba hajapona kwa sababu ana dhambi aliyoificha. Angalia pia utaratibu wa kurudi kundini katika makanisa yetu. Aliyetengwa na Meza ya Bwana anasimama mbele ya usharika, anaulizwa kama anatubu, anatangaziwa kwamba amepokelewa. Utaratibu huo, ukifuatwa kwa heshima, ni mzuri mno: ni lile neno kutoka nje, tena mbele ya mashahidi. Unaharibika Jumapili inayofuata, binti aliyezaa kabla ya ndoa anapoambiwa asubiri kwanza kurudi kwaya “watu wasahau,” huku baba wa mtoto hajawahi hata kuitwa na wazee wa kanisa. Usharika unaotangaza msamaha na kuendeleza adhabu unamfundisha mtu kutoiamini kauli ya Mungu, halafu tunashangaa kwa nini anajihukumu.

Liko kundi moja linalohitaji msaada wa ziada. Kujiona mwenye hatia kupita kiasi ni mojawapo ya dalili za sonona, na wasiwasi wa dhambi unaojirudia bila hiari, kama ule wa Ignasi, mara nyingine ni ugonjwa unaotibika. Mtu akiungama jambo lilelile mara ya tano, halali, hali, au anazungumzia kufa, asipewe mfungo mwingine. Mchungaji atamke ondoleo mara moja, kwa uwazi, akatae kuifungua tena orodha ileile, kisha amsindikize mwenyewe hospitali siku hiyohiyo, na familia ihakikishe habaki peke yake usiku.