Kasese: Maziwa Mawili, Pa Kuogelea Hakuna

Mtu wa Pwani akisikia kwamba kuna wilaya ya Uganda inayopakana na maziwa mawili, George na Edward, na kwamba ikweta inapita humo humo, akili humwenda moja kwa moja kwenye mchanga, minazi na upepo wa jioni. Vipeperushi vya nyumba za wageni navyo humchochea, kwa kuwa huko kila uwanja wa majani wenye viti vya plastiki karibu na maji huitwa bichi. Mimi nilikwenda na taulo mkobani, nikarudi nalo kavu.

Mji wenyewe, Kasese, uko bondeni na una joto la kufunga madirisha mchana. Reli ya kutoka Kampala ilifikishwa hapa mwaka 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe, mgodi ulio juu kidogo kwenye mdomo wa milima. Shaba ilikoma kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, na reli nayo ikafa. Mto Nyamwamba ndio unaoendelea na kazi: mwaka 2013, kisha tena 2020, ulishuka na mawe makubwa kama magari, ukabomoa nyumba, madaraja na hata hospitali ya Kilembe. Nyuma ya yote hayo imesimama Rwenzori, yenye kilele cha Margherita chenye mita 5,109. Theluji ipo, ingawa inapungua, na wenyeji watakuambia ipo hata kama wiki nzima hukuiona kwa mawingu.

Ukitoka mjini kwenda kusini, barabara inavuka ikweta na kuingia Hifadhi ya Queen Elizabeth, iliyotengwa mwaka 1952. Hapo ndipo habari ya kuogelea inapoishia. Ufuo karibu wote umo ndani ya hifadhi, na vijiji vya wavuvi kama Katwe, Kayanja, Katunguru na Hamukungu ni vipande vidogo vilivyoruhusiwa kubaki katikati ya wanyama. Mchana viboko hujaa majini, na usiku hupanda kula majani kati ya nyumba za watu. Tembo nao hupita. Katika mwalo mmoja nilimuuliza mama aliyekuwa akipaa samaki kama naweza kuoga hapo. Alinitazama kuanzia viatu hadi kofia. "Unataka kuoga, mzee? Rudi kwa mwenyeji wako, atakupa beseni."

Pembeni yake palikuwa na mitumbwi iliyovutwa juu, nyavu zilizoanikwa, damu ya samaki iliyochanganyika na tope, na makorongo yenye vichwa vya upara yakisubiri matumbo. Ngege ndiye samaki wa heshima, yule tunayemwita sato, na baada yake kuna kambare, mbofu na kamongo. Sangara aliyelitawala Ziwa Victoria hayumo, maana maporomoko ya mto Semliki yalimzuia asipande. Ngege wa kuchemsha, mwenye mchuzi mwepesi na donge la obundu, yaani ugali wa muhogo wa Wakonzo, kwangu mimi anashinda samaki wengi wa hoteli za Bahari ya Hindi. Anayetaka kulitazama ziwa bila hofu apande boti kwenye mfereji wa Kazinga, unaounganisha maziwa hayo mawili. Viboko na mbogo utawaona kwa karibu kuliko unavyopenda.

Lakini maji yaliyonishika zaidi ni yale ambayo hakuna samaki anayeweza kuishi ndani yake. Ziwa Katwe limo ndani ya shimo la volkano, hatua chache tu kutoka Edward, na chumvi yake imegombaniwa tangu zamani. Mfalme Kabalega wa Bunyoro aliidhibiti, na mwaka 1891 Lugard, afisa wa Kiingereza, akajenga ngome juu yake kwa sababu hiyo hiyo. Kandokando ya ziwa wamekata majaruba kwa matope na miti, na kila jaruba lina mwenyewe, hurithiwa na kukodishwa kama shamba. Wanaume huingia maji ya kiunoni, wakavunja mwamba wa chumvi chini kwa nondo na kuupandisha kwenye chelezo. Maji yananuka mayai viza, na ukiwa na mkwaruzo mguuni utaimba. Chumvi ya mawe hununuliwa kwa ajili ya ng'ombe, ile nyeupe huenda jikoni. Mvua kubwa ikinyesha, kazi ya wiki kadhaa inayeyuka. Wajerumani waliwahi kujenga kiwanda cha kisasa hapo, na maji yale yale yakayala mabomba yake. Magofu ya kiwanda bado yamesimama, na watu wa majaruba wanaendelea.

Kutoka njia panda ya Kikorongo barabara nyingine inakwenda magharibi hadi Bwera na Mpondwe, mpakani na Kongo. Wanajeshi ni wengi, na si bure: Juni 2023 waasi wa ADF wenye kambi Kongo waliishambulia shule ya sekondari hapo Mpondwe wakaua wanafunzi kadhaa. Hata hivyo soko la Lhubiriha limejaa. Vitenge, mawese na kahawa vinakuja, sabuni na saruji ya Hima vinakwenda. Mswahili hapa anapata raha asiyoipata Kampala, kwa kuwa biashara na Wakongo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya kupatana bei, ijapokuwa ni Kiswahili cha Kivu, ambacho mtu wa Tanga atakikunjia uso kwanza. Ukivuka kwenda Kasindi saa inarudi nyuma saa moja, kwa hiyo ukiahidiana na mtu, uliza mapema ni saa za upande upi.